Chuo Kisichokuwa na Mlango



Vijana wengi, na hasa wasichana, wameniuliza kwa nyakati mbalimbali: Je, yafaa Mwislamu asome lugha ya Kiingereza, na fasihi ya Waingereza, na ada zao, mpaka apate shahada ya chuo kikuu, tena kwa njia ya mtandao hali ameketi nyumbani kwake? Vijana huuliza kwa kutaka, na wazazi wao huuliza kwa kuogopa. Mimi si mwanachuoni wala si mtoaji wa fatwa. Lakini njia hiyo nimeipita kwa miaka sita, tangu 2017 mpaka 2023, na aliyeipita njia huijua miiba yake. Basi nimeonelea niyaeleze yaliyonipata, ili kila mmoja apime mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni ualimu wa shule ya msingi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo. Nasema chuo kwa maana yetu ya zamani, yaani mahali watoto wafundishwapo Kurani. Kwa zaidi ya miaka arobaini alisomesha barazani kwetu. Yeye mwenyewe hakupata kujua Kiingereza. Alipokuwa mtoto, katika miaka ya 1950, babu alimtoa shuleni baada ya miezi michache tu, kwa kuchelea kuwa shule ya Kizungu itambadilisha dini. Leo ni rahisi kumcheka babu, lakini haki ni haki: hofu ile haikuzuka hewani. Shule nyingi za siku zile zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na wako watoto walioingia kwa jina hili wakatoka kwa jina jingine.

Mume wangu aliporidhia shauri langu, nilikwenda kumwomba baba radhi zake. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza:

"Chuo hicho kiko wapi?"

"Kiko Uingereza, Baba."

"Nawe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa papa hapa."

"Basi ni chuo gani hicho kisichokuwa na mlango? Mtu huingiaje, na akipotea hutokea wapi?"

Sikuwa na jawabu. Baba hakunikataza, ila alinipa masharti mawili. La kwanza, ada isilipwe kwa fedha ya riba. La pili, kila nitakapokuwa nimesoma usiku, siku ya pili yake baada ya Alasiri nije barazani nimweleze nilichosoma, kwa Kiswahili, ayasikie kwa masikio yake. Nilikubali yote mawili, nami nikidhani la kwanza ndilo zito. Kumbe la pili ndilo lililokuwa elimu yenyewe.

Juu ya ada, benki ilikuwa tayari kunikopesha, na riba yake ilikuwa imeandikwa waziwazi. Nikaiacha. Nikaingia katika mchezo wa fedha na walimu wenzangu tisa, kila mwezi mmoja wetu akipokea fungu lote, na nikauza bangili zangu mbili. Nililipa somo kwa somo, na kwa sababu hiyo nilichukua miaka sita badala ya mitatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Wako wanaodhani kuwa kusoma kwa mbali ni jambo la jana, au ni hila ya kuuza vyeti. Sivyo. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake tangu mwaka 1858 kwa watu wasiohudhuria madarasa, na wengi katika makoloni walijisomea kwa posta na taa ya mafuta. Mwaka 1969 Uingereza iliunda chuo kikuu huria kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kikifundisha kwa posta, redio na televisheni. Jirani zetu wa Tanzania waliunda Chuo Kikuu Huria chao mwaka 1992. Mtandao haukuzua njia hii, umeifupisha tu. Mwalimu hutoa mafundisho yake yakahifadhiwa, mwanafunzi akayasikiliza wakati wake. Vitabu husomwa katika kompyuta. Insha hupelekwa na kurudishwa zimesahihishwa. Na mara kwa mara wanafunzi hukutana na mwalimu kwa sauti, kila mtu akiwa kwao.

Mikutano hiyo ilikuwa saa moja ya jioni kwa saa za Uingereza. Kwetu Mombasa ilikuwa saa nne ya usiku wakati wa baridi yao, na saa tatu wakati wa joto lao, kwani wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Nami nawaambia ukweli wangu bila ya kuficha: hatari ya kwanza niliyoiona haikuwa ndani ya vitabu, bali ilikuwa katika saa. Mara kadhaa niliiahirisha Isha nikisema nitaiswali baada ya darasa, kisha nikapitiwa na usingizi mezani, nikazinduka kwa adhana ya Alfajiri. Hapana mwandishi wa Kiingereza aliyenishika mkono nisiswali. Ni mimi mwenyewe. Tangu hapo nikajiwekea kanuni kwamba kompyuta haifunguliwi mpaka msala umekunjwa.

Mwaka wa kwanza tulisoma tarikhi ya lugha yenyewe, na hapo ndipo baba alipoanza kusogeza kiti. Nilimweleza kuwa baada ya mwaka 1066, walipotawaliwa na Wanormandi waliotoka Ufaransa, Waingereza walikaa zama nyingi lugha yao ikidharauliwa katika nchi yao wenyewe. Wakubwa walisema Kifaransa, na wanavyuoni waliandika Kilatini. Hata katika mahakama, ilikuwa ni mwaka 1362 ndipo sheria ilipotungwa kuwa mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakuielewa lugha waliyohukumiwa kwayo. Baba alicheka sana. Akasema, "Basi nao waliwahi kuona haya kwa lugha yao! Mbona basi watoto wetu wanakionea haya Kiswahili?" Swali hilo nimelichukua mpaka darasani kwangu.

Siku nyingine nilimtajia maneno ya Kiingereza yaliyotoka katika Kiarabu: jina la sukari, na la pamba, na la hesabu ya aljebra, na la cheo cha amiri wa jeshi la majini. Nikamwambia pia kuwa jina waliitalo jarida kama hili ulishikalo mkononi, ndugu msomaji, ni neno la Kiarabu lenye maana ya maghala. Baba akalitamka polepole, kisha akasema, "Khazana, makhazin. Ni ndugu wa hazina yetu." Mzee asiyejua Kiingereza aliona kwa dakika moja jambo ambalo mimi sikuliona kwa juma zima. Nikamweleza tena habari za Geoffrey Chaucer, mshairi wao mkubwa wa zamani, ambaye kiasi cha mwaka 1391 alimwandikia mwanawe wa miaka kumi kitabu cha kufundisha matumizi ya astrolabu, chombo cha kupimia nyota, akitegemea kitabu kilichonasibishwa na Mashaallah, mnajimu wa Kiyahudi wa Basra, zama za Bani Abbas. Na katika utenzi wake mashuhuri wa mahujaji waendao Canterbury, tabibu wa msafara anasifiwa kwa kuwajua Razi, na Ibn Sina, na Ibn Rushd. Basi niliposoma vya Waingereza, mara nyingi nilikutana na vyetu mlangoni.

Lakini yako pia yaliyonichoma. Nilisoma waraka wa Thomas Macaulay wa mwaka 1835, ambao kwao watawala wa Kiingereza waliipa nguvu elimu ya Kiingereza katika Bara Hindi. Humo alidai kuwa rafu moja ya vitabu vya Ulaya yatosha kushinda maandishi yote ya India na Arabuni. Nilimsimulia baba huku moyo wangu ukiwaka, nikitazamia atakasirika na kunitoa chuoni kama babu alivyomtoa yeye. Akaniuliza kwa upole, "Bwana huyo alijua Kiarabu?" Nikamwambia kuwa katika waraka ule ule amekiri kwamba hakijui Kiarabu wala Kisanskriti. Baba akasema, "Basi ni shahidi asiyeona. Ushahidi wake haupokelewi. Endelea kusoma." Akayamaliza hivyo. Kwake kitabu kizima cha matusi hakikuwa na uzito mbele ya kanuni moja ya kadhi.

Mwaka wa tatu tulisoma mchezo wa Shakespeare uitwao Othello, ulioandikwa kiasi cha mwaka 1603. Miaka michache kabla yake, mwaka 1600, balozi wa Sultani wa Moroko alikuwa amekaa London kwa muda wa miezi, na watu wa mji walimwona kwa macho yao. Othello wa mchezo ni amiri jeshi mweusi wa asili ya Maghribi, aliyeingia Ukristo na kuitumikia dola ya Venice. Alimwoa Desdemona, binti wa watu wakubwa. Chini yake alikuwako mtu mmoja, Iago, mwenye kinyongo, akamtia sikioni kuwa mkewe ana mapenzi na afisa mwingine. Desdemona aliangusha kitambaa chake cha mkono alichopewa na mumewe. Mke wa Iago akakiokota, Iago akakitupa chumbani mwa yule afisa. Kwa kitambaa hicho Othello akamwua mkewe kitandani, na baada ya punde ukweli ukadhihirika, akajiua na yeye.

Nilimsimulia baba hadithi hii kwa siku tatu. Siku ya tatu alikaa kimya mpaka nikadhani amechoka. Kisha akasema: "Mwanangu, huyu alipoteza kitambaa. Na Mama wa Waumini, Bibi Aisha, alipoteza nini?"

Mwili ukanisisimka. Nyote mwaijua habari ya ifki. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipoteza kidani chake njiani, msafara ukamwacha, na Safwan akamkuta akamleta. Wanafiki wakatunga uwongo, na Madina ikatikisika kwa kiasi cha mwezi mmoja. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakukimbilia hukumu. Alitaka shauri, akauliza waliomjua mkewe, akasubiri, mpaka ziliposhuka aya za Suratun Nur kumtakasa. Nazo zikawalaumu walioeneza maneno bila ya kuleta mashahidi wanne.

Baba akasema, "Huku kimepotea kidani na huku kimepotea kitambaa. Nyumba moja ilisalimika na nyingine iliteketea. Tofauti yake ni kwamba Othello alimsikiliza mzushi, hakumsikiliza mkewe, wala hakuomba mashahidi."

Niliandika insha yangu juu ya jambo hilo kwa furaha kubwa. Iliporudi, alama zilikuwa za chini, na mwalimu aliandika kuwa nimetoa hotuba, sikutoa hoja. Kwamba nimeeleza vyema niyaaminiyo, lakini sikuonyesha katika maneno ya mchezo wenyewe wapi Othello anaacha kuuliza. Niliumia, na nafsi yangu ikaniambia kuwa amenionea kwa sababu ya dini yangu. Nikampelekea baba mashtaka yangu. Akasema, "Yeye naye ataka mashahidi. Si ndivyo ulivyoandika?" Nikafunga mdomo. Nikarudi kitabuni, nikayafuata maneno ya Othello onyesho kwa onyesho, nikaona namna maswali yake yanavyopungua na viapo vyake vinavyozidi. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulipouliza juu ya mchezo ule, niliandika hayo kwa ushahidi wake, na nikapita vyema. Hapo nikafahamu kuwa elimu hii, ikisomwa kwa haki, humfundisha mtu jambo ambalo dini yetu imekwisha kumwamrisha: asiseme ila alichokithibitisha.

Mwaka 2021 nilimpelekea baba habari kuwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, amepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, ina kijana aitwaye Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la babaye, na asomaye huku anaijua Suratu Yusuf huona mengi ambayo wengine huyapita. Baba akasema, "Kumbe mlango ule watu huingia, na pia huingiza mali yao."

Sasa nije katika jambo lililonifanya niandike makala haya. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ilibaki insha moja ndefu ya mwisho. Wakati huo huo baba aliteleza akavunjika nyonga, nami nikawa nalala hospitalini karibu na kitanda chake. Siku tatu zilibaki, na sikuwa nimeandika hata ukurasa mmoja. Tangu mwisho wa mwaka 2022 zilikuwa zimeenea programu za kompyuta ziwezazo kuandika insha nzima kwa kuulizwa swali tu. Rafiki mmoja alinionyesha. Katika muda wa kunywa kikombe cha kahawa, insha yangu ilikuwa tayari, Kiingereza chake safi, haina kosa. Nikaandika jina langu juu yake.

Alasiri ile baba alitaka nimsomee kama ada yetu. Nikamsomea kwa Kiswahili. Alisikiliza macho yamefumbwa, kisha akasema: "Kila siku wasema, nimeona hivi, nadhani hivi. Leo wasema, yasemekana. Maneno haya umeyaona wewe?"

Sikuweza kumjibu.

Akauliza, "Hicho ukitafutacho kwa miaka sita chaitwaje?"

"Chaitwa shahada, Baba."

"Na shahada ni nini?"

Jawabu la swali hilo alinifundisha yeye mwenyewe nilipokuwa na miaka mitano, kabla sijajua herufi. Shahada ni kushuhudia, na mtu hashuhudii asichokijua. Nilitoka ukumbini mwa hospitali nikalia. Kisha nikaifuta ile insha yote, nikamwandikia mwalimu wangu waraka wa kweli juu ya maradhi ya baba, nikaomba muda. Nilipewa wiki mbili. Niliandika kwa mkono usiku, pembeni mwa kitanda, na alama nilizopata hazikuwa za juu kabisa. Lakini neno kwa neno lilikuwa langu, na kama ningeitwa kusimama mbele ya mtu yeyote kulitetea, ningesimama.

Basi, vijana wangu, na nyinyi wazazi, haya ndiyo niyasemayo kwa yule anayetaka kuifuata njia hii. Kwanza, ahakikishe kwa mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yake kuwa shahada ya chuo hicho yatambuliwa, kabla hajatoa hata senti moja. Maana matapeli ni wengi. Pili, asijiingize katika riba kwa kutafuta elimu, heri kuchelewa. Tatu, asiuze swala zake kwa darasa. Nne, asiyakimbie yasiyompendeza vitabuni, wala asiyameze, ayapime. Ulevi na ufuska vimo humo, kama vilivyomo mitaani petu, na kuvijua si kuvifuata. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini pia mbacha hauchakai kwa kuutazama msala wa jirani. Na tano, ambalo ndilo kubwa, asisome peke yake. Amtafute mtu wa nyumbani wa kumweleza alichosoma, kwa lugha ya nyumbani. Asiyeweza kuyaeleza masomo yake mbele ya mzazi wake, ama hajayafahamu, ama ameanza kupotea.

Nanyi wazazi, msiseme, "Mimi sijui Kiingereza, nitamwangaliaje?" Baba yangu hakujua hata neno moja, na hapana mwalimu aliyenisahihisha zaidi yake. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Al-Islah lililoanza hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu watafute elimu za zama zao bila ya kuitupa dini yao. Mwito ule haujapitwa na wakati.

Baba alifariki mwaka 2024, Mwenyezi Mungu amrehemu na ailaze roho yake mahali pema. Cheti changu alikiona. Alikishika, akanitaka nimwonyeshe mahali lilipoandikwa jina lake baada ya jina langu, akaligusa kwa kidole. Siku hizi binti yangu mkubwa naye ameanza masomo yake kwa mtandao, na baada ya Alasiri huja barazani pale pale, akaketi, akanieleza aliyoyasoma. Mara nyingine hunishinda kwa hoja. Nimekwisha kulipata jawabu la swali la baba, ingawa nimechelewa kumpa: mlango wa chuo kile ulikuwa ni baraza yetu, na yeye ndiye aliyekuwa ameketi mlangoni.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atulinde na ushahidi wa uwongo. Amin.